Santuri Ndogo Ndani ya Kava la Polka

Nesi wetu alikuwa na ujanja mmoja aliojivunia kuliko shahada yake. Santuri aliyoipenda kuliko zote aliificha ndani ya kava la santuri nyingine, ile ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeiomba. Sisi wakusanyaji hatuibi, lakini tunaazima, na kuazima kwetu kunatisha. Ndiyo maana nyumbani kwake, mtaa wa Sharpstown jijini Houston, ghorofa ya chini, santuri nzuri zilikaa kwenye rafu tukazila kwa macho tu, na sakafuni karibu na kabati kulikuwa na boksi la takataka: kwaya zisizo na jina, mahubiri, na polka, zile dansi za akodioni za Wacheki wa Texas, alizookota kwenye maduka ya mitumba.

Tulikuwa watatu. Yeye Mkenya, mpole hospitalini na mbishi kila mahali pengine. Wa pili alikuwa Mkongomani wa Fort Worth, mfanyakazi wa bohari, anayependa chochote chenye akodioni. Na mimi, Mtanzania wa ofisini Richardson, karibu na Dallas, mwenye wazimu wa upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza bendi ilitafuta soko. Upande wa pili ilipiga ilichotaka, na huko ndiko waliko watu waliosahauliwa. Naamini hivyo hadi leo na sitaki ubishi.

Tulikutana kila tulipopata wikiendi inayotufaa wote, mara Houston, mara huku kwetu. Mchezo wetu ulikuwa mmoja. Mwenye santuri huifunika lebo ya katikati kwa karatasi yenye tundu, anaiweka kwenye mashine, wengine tunasikiliza. Anayeijua sauti ananyoosha mkono kama mtoto wa shule, na wimbo ukiisha anaulizwa, "Nani anaimba?" Mshindi wa siku huondoka na santuri moja na hadaiwi mpaka airudishe mwenyewe. Kwa nesi, mshindi alichagua kutoka boksi la sakafuni tu. Bahili yule!

Santuri aliyoificha ilikuwa ndogo, ya Nairobi, ya bendi ambayo hata wazee wa muziki ukiwauliza wanakuna kichwa. Alitupigia mara moja tu. Upande wa pili, mwanamume anaimba ubeti wa kwanza, kisha inaingia sauti ya mwanamke kumjibu. Mwanamke huyo ni mama yake nesi. Aliimba wimbo huo mmoja, akaolewa, akaacha muziki, akafariki mwanawe hajaanza shule. Hakuna kanda wala video yake. Nesi hakuikumbuka sauti ya mama yake ila kwa sahani ile.

"Irekodi basi hata kwa simu," nilimwambia mpaka nikachoka.

"Na hii needle yangu, dada? Itaikwaruza tu. Wacha ni-save ninunue ile poa, then nita-record mara moja, properly."

Binadamu wa kawaida angerekodi siku hiyo hiyo. Mkusanyaji anangoja sindano.

Mwaka 2017 yakaja yale mafuriko ya Houston. Maji yaliingia kwa nesi akiwa zamu, akakwama hospitalini na wagonjwa wake huku barabara zimegeuka mito. Alipofanikiwa kurudi, boksi la sakafuni lilikuwa uji wa karatasi, rafu za chini zimelowa, na majirani, kwa wema wao wote, walikuwa wameanza kuanika sahani juani. Jua la Houston linaikunja santuri kama chapati. Alitupigia simu akilia, na Mkongomani akampigia kelele kuliko nilivyowahi kumsikia: "Toa ku jua! Rudisha ku maji! Ikauke na ile matope, iko imekufa!"

Barabara zilipofunguka tulishuka na ndoo, sabuni ya vyombo na masponji. Tuliziosha santuri kwenye beseni la bafu, moja moja, tukizungusha kufuata mistari. Lebo zilitoka na tope vidoleni mwetu, tukabaki na sahani nyeusi zisizo na jina. Kwa hiyo kila ndogo iliyopona tuliipiga kidogo kwenye mashine, tukiitafuta ile ya mama yake, nesi akiwa amekaa chini, kichwa kimeegemea ukuta. Tulimsoma uso. Kila wimbo ulipoanza alitikisa kichwa, tukatoa, tukaweka nyingine, mpaka zikaisha. Mazulia na uchafu wa sakafuni vilikuwa vimeshazolewa na wafanyakazi wa jengo.

"Basi," alisema. "It's fine. Ni plastic tu."

Niliichukia sentensi hiyo. Afadhali angevunja kitu. Badala yake alihamia ghorofa ya juu mtaa ule ule, akaifunika mashine kwa kanga, na kila tulipomwalika kwenye mchezo alikuwa na zamu. Tulijua si zamu. Nilichoogopa hasa ni kwamba angeanza kuisahau sauti yenyewe, na hakuna mtu mwingine duniani wa kumkumbusha.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja asubuhi, Mkongomani akanipigia. Tangu mafuriko aliingiwa na hofu ya maji, ingawa anaishi mlimani, akanunua mifuko ya nailoni na kuanza kubadilisha karatasi za ndani za santuri zake zote.

"Dada, sikia. Ile polka nilishinda kwa nesi, mbele ya mafuriko. Iko kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Santuri kidogo. Ilijificha nyuma ya karatasi. Lebo inasema Nairobi. Sijaweka ku mashine, dada. Naogopa."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Siku aliyoshinda niliikumbuka vizuri, kwa sababu nilimcheka sana alipoinama kwenye lile boksi akaibuka na polka, anachekelea kama bwana harusi. Nesi alikuwa anageuza chapati. Alipaza sauti bila kutazama: "Chukua yoyote, hiyo yote ni takataka!" Alizoea kuihamisha hazina yake kutoka kava hili kwenda lile kutukwepa, na makava ya polka yalikuwa mengi. Boksi lilipozama, hakuwaza kwamba polka moja ilikuwa Fort Worth.

Tulikubaliana tusimwambie kwa simu. Je, kama ina ufa? Kama si yenyewe? Nilimpitia Mkongomani, tukashuka Houston kwa gari langu, yeye akiendesha na mimi nimeipakata santuri mapajani ndani ya kava lake la polka, kiyoyozi mpaka mwisho, meno yakigongana mwezi wa joto. Hatukusimama kula. Nani angeiacha garini? Mkongomani alipoanza kuimba polka nilimwambia anyamaze, kisha nikamwomba aendelee, maana ukimya ulikuwa mbaya zaidi.

Nesi alifungua mlango akiwa bado na sare za kazi.

"Mbona hamja-call?"

"Tumekuja kucheza mchezo," nikasema.

"Aii, dada, hizo story mimi nili-quit. Karibuni chai."

Nilipita moja kwa moja, nikaiondoa kanga juu ya mashine. Mkongomani alifunika lebo kwa karatasi, tundu akalikosa mara mbili. Niliweka simu yangu mbele ya spika, inarekodi. Sikuomba ruhusa. Sindano ngapi tungengoja?

Ilianza kwa mikwaruzo, kisha gitaa. Nesi alikuwa ametupa mgongo, anajaza maji kwenye birika. Alifunga bomba. Yule mwanamume aliimba ubeti wake, na nesi hakugeuka. Kisha mama akaingia, sauti nyembamba, imara, mbele kidogo ya ngoma kana kwamba ana haraka ya kwenda nyumbani, na sahani haikuruka hata mara moja. Nesi akanyoosha mkono.

Aliunyoosha juu kabisa, kama tulivyozoea, na hakuushusha. Tulimwacha. Beti zikapita, gitaa likarudi, mama akarudi, mkono uko pale pale juu. Mwishoni, wakati mama anaimba kiitikio cha kufunga, sikuweza kungoja zaidi. Kanuni inataka wimbo uishe kwanza; niliivunja.

"Nani anaimba?"

"Ni mathe," akasema.

Nililia bila aibu yoyote, kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo mzito. Mkongomani aliketi juu ya meza ya watu. Tulipomsimulia nesi ilikokuwa, alicheka mpaka akakohoa.

"So nili-give away mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe, na mwiko mkononi," nikamwambia.

Chai aliitengeneza hatimaye, tukaupiga upande wa pili tena, na tena, halafu kwa heshima tukaupiga na wa kwanza. Ni wimbo wa kawaida tu, kama nilivyotegemea. Polka nayo ilirudi Fort Worth na mwenyewe, sasa kwa haki.

Nesi alinunua ile sindano. Akarekodi vizuri, bila mkwaruzo, akatugawia. Ni kazi safi, sikatai. Lakini ananisumbua niifute ile ya simu yangu, au angalau niikate mwisho, pale maneno yetu mawili yanapouziba wimbo. Anasema tunaharibu. Nimemkatalia. Kwenye rekodi yake mama anaimba, halafu kimya. Kwenye yangu mama anaimba, na mwanawe anamjibu.