Bi Zuhura, msanifu aliyetukalisha juani

Siamini bado. Nimeandika "marehemu" mbele ya jina lake, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mkono haujakubali.

Bi Zuhura ametutoka juzi, baada ya sala ya alfajiri, nyumbani kwake Chukwani. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa msiomjua: alikuwa msanifu majengo, na bosi wangu kwa miaka sita. Wengi wenu mmepita kwenye kazi yake bila ya kujua. Kile kituo cha gari cha Malindi, na njia ya miguu inayotoka pale kuingia Mji Mkongwe, ni mkono wake.

Nilipoajiriwa nilikuwa nimetoka chuoni, najiona fundi. Nikachora kituo cha vioo na viti vya chuma, kama nilivyoona kwenye picha za miji ya wenzetu. Baraza za maduka nikazibomoa zote, njia ipanuke. Mkuu wa mradi akaupenda mchoro. Kichwa kikanivimba!

Bi Zuhura akautazama. Kisha: "Khamis, ushawahi kungoja gari Malindi saa saba mchana?"

"Bado, Bi Zuhura."

"Chukua kofia, twende."

Tulikwenda siku tatu. Yeye na daftari lake, mimi na jasho langu. Alikuwa akipima kivuli kwa futi, kila saa, kama anampima mtu nguo.

Pale ndipo tulipomkuta Bi Time, mtu mzima, goti bovu, amekaa kwenye baraza ya duka anangoja gari ya kwenda spitali. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu." Bi Zuhura akamfungulia mchoro wangu.

Bibi akautazama, akauliza, "Na mimi nimekaa wapi humu?"

Nikamuonesha kiti cha chuma.

"Juani? Mwanangu, hiki si kiti, hiki kikaango."

Nilitamani ardhi inimeze. Bi Zuhura hakunicheka. Aliandika tu.

Aliporudi ofisini alisema hausaini ule mchoro. Mkuu wa mradi akamjibu mbele yetu sote: ama asaini, ama akae pembeni aje mwengine. Deadline ilikuwa wiki ile ile. Bi Zuhura akafunga daftari lake. "Ntasaini," akasema, "mkija site kesho mchana mkae dakika kumi tu."

Basi wakaja, mkuu na wenzake, na suti zao. Bi Zuhura alikuwa keshamwambia fundi aweke viti vya chuma pale pale nilipovichora, tangu asubuhi. Bi Time naye alikuwepo, kwenye baraza yake.

"Karibuni mkae."

Mkuu akakaa. Wallahi, hata kuegemea hajawahi, kasharuka!

Sisi wafanyakazi wote tukatazama chini. Bi Time ndiye aliyesema, kwa upole kabisa, "Kaa mwanangu, gari inakuja."

Mkuu akajifuta uso, akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. "Bi Zuhura, nshafahamu. Choreni upya."

Tukachora upya. Mimi, kwa kutaka kujikosha, nikajaza nakshi za milango kwenye kila nguzo ya zege. Akazifuta moja moja. "Khamis, Uzanzibari haubandikwi. Mpe mtu kivuli, upepo, na pahala pa kukaa aulizane hali na mwenzake. Watu wenyewe watakipamba."

Baraza zikabaki. Paa likawa pana. Njia ya miguu tukainyanyua ikawa sawa na ngazi ya gari, mwenye goti bovu apande bila ya kushikwa mkono.

Halafu ikaja masika ya kwanza, na kosa langu jengine. Nilikosea mteremko wa mtaro, maji yakajaa mbele ya duka la nguo. Mwenye duka anafoka, ana haki yake. Bi Zuhura kavua viatu, kakunja buibui, kaingia ndani ya maji. "Kosa ni la kwetu, na msimamizi ni mimi. Tutalitengeneza." Jina langu hakulitaja. Si siku ile, si kwenye meeting, si kwenye ripoti.

Ndani ya gari nililia. Akanipa leso, akasema, "Ushajifunza? Haya. Twende tukale."

Mwaka jana figo zikaanza kumsumbua. Akawa anafanyia kazi kitandani, mito mitatu mgongoni, laptop juu ya mapaja. Ukimwambia apumzike anakuuliza umemaliza ulichoambiwa.

Wiki mbili nyuma nilimpelekea mchoro wa barabara ya upande wa Jozani, wa kwanza ambao ni wangu mwenyewe. Nilijivunia mno, kwa sababu nimewafikiria mpaka kima wanaovuka. Akanirudishia na mstari mmoja: "Kima umewaona, ahsante. Watoto wa skuli wanavuka wapi?"

Huo ndio ujumbe wake wa mwisho kwangu.

Leo asubuhi nimekwenda Jozani. Nimesimama karibu na geti la skuli, nimewauliza watoto. Wamenishika mkono, wamenionesha wanapovukia. Nimepiga vigingi pale pale waliponambia.

Bi Zuhura, kila uliponisahihisha nilikujibu "sawa bosi". Miaka sita, "sawa bosi". Ahsante sikukwambia hata mara moja, nikidhani unajua.

Ahsante, dada yangu. Ahsante sana. Mola akupokee kwa wema kama ulivyotupokea sisi. Lala, upumzike. Vigingi nshavipiga.