Kutoka Kilema hadi Perth: nilivyobeba sale la msamaha kwenye ndege, na lilivyoishia uwanjani

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii si chai. Atakayeona ni chai apite kimya kimya, maana miguu yangu bado haijarudi saizi yake na sina nguvu za kubishana na mtu.

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Kilema, Uchaggani, nina miaka thelathini na nne. Mwaka huu nilipata kazi Perth, Australia, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kaka yangu Deo anaishi huko huko miaka mingi, anaendesha malori mgodini.

Mtasema, basi una bahati, una mwenyeji. Subirini.

Deo na baba walikuwa hawajaongea kwa miaka tisa. Hata salamu.

Sababu ni mazishi ya mama. Mama alifariki ghafla, Deo akapanda ndege siku ile ile. Njiani ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikamwacha, akabaki amekwama uwanja wa ndege wa ugenini. Akaomba tusubiri siku moja tu. Baba akasema padre ameshapangwa, watu wameshafika, na marehemu hasubiri ndege. Tukazika.

Deo aliingia nyumbani kesho yake saa nne asubuhi. Akasimama kaburini, hakula, hakukaa, akageuza na begi lake. Ndiyo ikawa mwisho.

Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa upande wa baba. Ukoo mzima tulikuwa tunasema: si angepanda nyingine? Kwetu ndege ilikuwa kama basi la Kiboriloni, ukikosa hili linakuja lile.

Sasa turudi kwenye safari yangu.

Siku ya kuondoka tulikwenda uwanja wa ndege wa KIA watu kumi na mmoja, gari mbili, kumsindikiza mtu mmoja. Shangazi yangu wa Kiboriloni, ambaye haamini kwamba wazungu wana chakula, alikuja na unga wa ndizi, kahawa, na magadi ya kupikia kiburu, zile ndizi zetu za maharage, kama nusu kilo hivi, kwenye mfuko wa nailoni usio na jina wala maelezo. Nikamwambia shangazi, hii itanitia matatani. Akanijibu, "Utakula kiburu bila magadi, we mtoto? Beba!" Nikabeba. Nani anabishana na shangazi mbele ya ukoo?

Tumeshasali, tumeshapiga picha, baba akaniita nyuma ya gari. Ana miaka themanini na kitu, si mtu wa maneno. Akatoa kitu kimeviringishwa kwenye gazeti.

Nikafungua. Sale.

Kwa wasiojua: sale ni lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Mchagga akikukosea, kisha akakuletea jani la sale limefungwa fundo, huna tena "ngoja nifikirie". Unasamehe. Anayekataa sale watu humwogopa.

Ila wakuu, kwa kawaida mtoto ndiye humpelekea mzazi. Baba kumpelekea mwanawe? Mimi sijawahi kuona.

"Mpe Deo," akasema. "Usimhubirie. Mpe tu mkononi."

Nikaliweka katikati ya kitabu changu cha sala, kwenye begi la mkononi. Nikajiambia hata sanduku likipotea, hili halipotei.

Ndege ikachelewa kuja kwa saa tatu na nusu. Shirika silitaji. Maelezo yalikuwa "sababu za kiufundi", na kila tulipouliza tuliambiwa nusu saa. Nusu saa ya siku ile ilikuwa ndefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu.

Ndani nikawekwa kiti cha katikati. Kushoto mzee anayekoroma, kulia kaka mmoja aliyetanua mapaja utadhani amenunua safu nzima. Wa mbele akalaza kiti mpaka meza ikanigusa kifua. Chakula kilikuja nikala kwa mikono ya kubana kama kuku aliyefungwa kwenda sokoni. Mtu asiwadanganye na zile picha za dirishani, dirisha lenyewe niliona kwa mbali.

Tukatua mji mmoja wa Ghuba. Connection yangu, ndege ya kuunganisha kwenda Perth, imeshaondoka zaidi ya saa mbili kabla.

Nikaenda kaunta. Dada wa pale akaangalia kompyuta, akatabasamu, akasema ndege nyingine ya Perth yenye nafasi ni baada ya saa kumi na tisa.

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna, madam."

"Hata ya kuzungukia kwingine?"

"Zimejaa, madam."

Hapo hapo kwenye ukaguzi wa begi la mkononi wakaona magadi. Wakaitana watatu. Mmoja anauliza ni nini hiki, mimi magadi kwa Kiingereza siyajui, nikasema ni ya kulainishia ndizi. Akauliza, ndizi iko wapi? Nikasema ndizi ziko Kilema. Nusu saa nyingine hiyo, wanapaka vikaratasi vya kupimia dawa za kulevya. Shangazi, popote ulipo, nilikutaja.

Nikamwandikia Deo kwamba nimekwama. Nilikuwa na hasira na uchungu, na nilikuwa naogopa, kwa sababu alikuwa ameniambia anarudi mgodini keshokutwa kwa wiki tatu. Na jani ni jani, linanyauka.

Akajibu upesi: "Pole. Nenda gate za mwisho kabisa, kona ya kulia baada ya msikiti. Kuna viti havina mikono, unaweza kunyoosha mgongo. Soketi iko chini ya kiti cha tatu. Mimi nililala hapo."

Nikaenda. Viti vipo. Soketi ipo, chini ya kiti cha tatu.

Nikakaa, ndipo ikaniingia kwamba mtu hajui uwanja wa ndege mpaka kwenye soketi kwa kupita tu. Hapa ndipo alipokuwa siku tuliyomzika mama.

Nikakumbuka na kitu ambacho kwenye huu uzi sikupanga kukiandika. Alinipigia kutoka hapo. Mimi niko uani nagawa viti kwa wageni. Alisema, "Fina, waambie wasubiri, niko njiani." Nikamjibu, "Si upande nyingine?" Kisha nikakata, kwa sababu padre alikuwa anaingia.

Hakuna nyingine, wakuu. Nilikaa kwenye vile viti saa kumi na tisa na hakukuwa na nyingine. Nililia mpaka mama mmoja mwenye baibui akaniletea juisi bila kuniuliza kitu.

Haya. Ndege ya pili, saa kumi na moja angani. Miguu ikavimba, kiatu kikagoma, nikashuka Perth na soksi na malapa.

Kabla ya kutua wanagawa kadi ya kujaza. Umebeba chakula? Nikaweka ndiyo, kwa ajili ya unga na kahawa. Umebeba mimea au sehemu yoyote ya mmea? Nikaweka hapana.

Na sikudanganya! Sikulifikiria kabisa. Kwetu mgomba ni mmea, mbuni wa kahawa ni mmea. Sale nililokuwa nalo mimi lilikuwa maneno ya baba yangu.

Mbwa wao wa ukaguzi hakuliona hivyo. Akaja mdogo mdogo, akanusa begi, akakaa chini. Wakaniita pembeni.

Magadi wakayatazama, wakasoma kitabu chao, wakasema haya ni madini, hayana shida, endelea nayo. Unga umepita. Kahawa imekaangwa, imepita. Kisha yule afisa, mzungu mnene mwenye ndevu nyeupe, akafungua kitabu cha sala.

"Hapa umeandika hapana," akasema.

Nikamweleza. Kwa Kiingereza cha mtu ambaye hajalala siku mbili, nikamweleza baba, Deo, mazishi, na fundo. Akanisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki. Akauliza, "Kwa hiyo hii ni barua?"

Nikasema ndiyo.

"Samahani sana. Siwezi kuiruhusu barua hii." Akaeleza mambo ya wadudu na magonjwa ya mimea, akasema kwa kosa la kadi atanipa onyo tu. Akalichukua sale la baba yangu kwa glavu, akalitia kwenye mfuko, na mfuko kwenye pipa jekundu. Kisha akanipa karatasi ya kuonyesha kilichochukuliwa.

Nilitoka pale nimechoka mpaka kwenye mifupa. Kazi moja nimepewa na baba. Moja!

Deo alikuwa nje, ameota mvi. Tukakumbatiana, hata sikusubiri tufike kwenye gari, nikamwambia yote. Baba amekutumia sale, wamelitupa.

Akasukuma sanduku mpaka kwenye gari. Akafungua buti, akapakia sanduku, akafunga buti. Kisha akasema, "Kwa hiyo halijanifikia."

Wakuu, nililipuka.

Nilimwambia, "Deo, nimekaa saa kumi na tisa kwenye viti vyako! Nimepimwa magadi kama muuza unga! Nimenuswa na mbwa! Baba ana miaka themanini, amekata jani kwa mkono wake akakufungia fundo, unaniambia halijafika? Unataka lifikeje, litembee?" Watu wanatuangalia pale maegesho, mimi na malapa yangu. Nikamtupia ile karatasi kifuani.

Akaiokota, akaisoma. Nami nilikuwa sijaisoma. Imeandikwa: jani moja la kijani, bichi, limefungwa fundo, kutoka Tanzania. Limeharibiwa. Na muhuri.

Aliisoma kama mara tatu. Akaikunja, akaitia kwenye pochi, nyuma ya leseni. Akatoa simu, akapiga, akaweka spika. Kwetu ilikuwa kwenye saa tano asubuhi.

"Shikamoo, baba."



"Marahaba," baba akasema. "Umelipata?"

Deo akanitazama. Akasema, "Nimelipata."

Waliongea dakika mbili, habari za mvua na ng'ombe. Kesho yake Deo akaenda mgodini.

Mafunzo kwa wanaotarajia kuhama: usikubali connection ya saa moja hata kama unabembelezwa. Vaa kiatu cha kulegea. Andika jina kwenye magadi ya shangazi. Kwenye kadi, chochote kilichowahi kuota ardhini weka ndiyo, utajieleza mbele. Na mtu akikuambia amekwama njiani, usimwambie apande nyingine.

Deo amekata tiketi, anakwenda Kilema Desemba. Juzi alimpigia baba kumtahadharisha kwamba ndege zinaweza kumchelewesha, wasijipe shida, waanze tu sikukuu. Baba akamjibu, "Chelewa unavyotaka. Mbuzi hachinjwi mpaka uingie, hata ikifika Januari." Deo aliniambia hayo kwa simu kutoka mgodini, akashindwa kumaliza.

Mimi bado sijamwomba radhi kwa ile simu niliyomkatia. Kila nikianza naishia kuulizia zamu zake. Na sale huku haliingii, nimeshahakikisha.

Wachagga mlioko ughaibuni, nauliza kwa dhati, ninyi mnaombana radhi kwa kutumia nini? Karibuni, nasoma zote.