Mkono Wangu Kwenye Tangi la Matumbawe

Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko nilipopigwa na umeme. Vidole vikaing'ang'ania pampu ya kuzungushia maji kana kwamba mimi ndiye niliyetaka. Mpishi alitokea jikoni, akachomoa plagi, nikaanguka chali juu ya vigae. Viatu vyangu vilikuwa pembeni, nimevipanga vizuri.

Hivyo viatu ndivyo vilivyokuja kubebeshwa kesi.

Nilikuwa mfagiaji kwenye loji moja huku Usa River. Pale mapokezi palikuwa na tangi dogo la kioo, maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe. Mimi ni wa kijijini Kikwe, bahari sijaiona. Nilidhani ni mawe yaliyopakwa rangi, mpaka nilipoona moja linafumba vidole vyake. Meneja alipoona navutiwa, akanipa kazi ya kulihudumia lile tangi, juu ya ile ya kufagia.

Kazi yenyewe kubwa ni mkondo. Maji yakienda taratibu mno, uchafu unatua juu ya tumbawe, linaanza kutoa ute. Yakilipiga moja kwa moja, linajikunja na nyama yake inachunika. Hilo nililielewa haraka, maana nyumbani tunamwagilia kwa mfereji, na zamu yako ikifika unalaza gogo la mgomba mdomoni mwa mfereji ili maji yasichimbue maharage. Basi nikaugeuzia mdomo wa pampu kwenye kioo. Maji yakagonga kioo, yakarudi yametawanyika, na matumbawe yakafunguka taratibu, moja baada ya jingine. Nilikuwa nasimama pale na ufagio wangu, nasahau hata njaa.

Na mtu wa mfereji akienda kushika maji anavua viatu. Sisi hatuliwazi hilo, miguu yenyewe inajua.

Sasa sikiliza. Breka ya pale mapokezi, ile inayokata umeme kukiwa na hatari, ilikuwa inakata kila mara, taa zinazimika wageni wakiwa mezani. Meneja akamwita fundi umeme. Nilikuwa nafuta chumvi kwenye kioo, wakaongea juu ya kichwa changu kama vile mimi ni kiti. Fundi alisema huenda maji yameingia kwenye pampu, itazamwe kwanza.

"Iruke hiyo breka," meneja akamwambia. "Unganisha moja kwa moja."

Fundi akacheka kidogo, akaunganisha.

Kesho yake tumbawe la pembeni lilikuwa limejifunga. Nikavua viatu, nikaingiza mkono niisogeze pampu huku inazunguka, kwa sababu ukiizima huoni mkondo unakwenda wapi.

Leo mkono huu haumenyi hata ndizi moja. Nilipokwenda kumuuliza meneja, alisema kwa upole kabisa, "Mama, nani alikutuma uvue viatu?" Fundi naye alisema alifuata maagizo. Loji ina mfagiaji mwingine.

Nimesimama pekupeku kwenye maji tangu utoto wangu, na maji hayajawahi kunifanya kitu. Kwa hiyo la viatu nimelijibu. Sasa meneja, wewe na fundi wako, njooni mbele ya watu mjibu langu: mlipoiruka ile breka, mimi nikiwa nimeinama hapo hapo miguuni penu, mlidhani ni mkono wa nani utakaoingia kwenye yale maji?