Sauti ya Kike ya Mungai

Zachariah Kigen alikuwa mwongo wa kutegemewa. Kwa miaka kumi na minane alizunguka Uasin Gishu na lori la sinema la serikali, lile lililokuwa likisimama sokoni Ziwa na kutundika shuka jeupe. Kazi yake ilikuwa kushika maikrofoni na kuwaeleza wakulima kwa Kiswahili kile walichokuwa wakisema Wazungu wa kwenye filamu. Filamu zenyewe zilihusu kupe na josho. Zachariah aliona kupe peke yao hawatoshi, akawaongezea posa, mahari na mama mkwe mkali. Ng'ombe wakaogeshwa kuliko wakati mwingine wowote.

Sauti za kiume zilikuwa zake. Za kike zilikuwa za Mungai, fundi wa projekta, mwanamume wa mabega mapana na ndevu, ambaye akibana koo ungeapa kuna binti amefichwa nyuma ya lori. Watu walitembea maili sita kuja kuwasikia. Siku hizi kila mtu ana sinema yake mfukoni, anaitazama akiwa amejikunja kama anayeumwa tumbo, na akicheka hacheki na mtu.

Lori liliuzwa kama chuma chakavu. Wazee hao wawili wakastaafu mtaani Kimumu, ua mmoja tu ukizitenganisha nyumba zao, na Mungai akafungua duka la misumari na mabati. Ukaja uchaguzi wa 2007, na Januari iliyofuata, wenyeji walipowafukuza watu wa Mkoa wa Kati kama Mungai, duka likachomwa. Jioni ile Mungai aliruka ua na kubisha mlango wa Zachariah. Zachariah alikuwa ndani. Alizima taa.

Mungai alikaa miezi mingi kwenye kambi ya uwanja wa maonyesho. Aliporudi alilijenga duka upya, akaugeuza mlango wake utazame upande mwingine. Hakumsalimia Zachariah tena, hata kwa kikohozi.

Mwaka wa 2010 mwalimu Waithira wa shule ya msingi, pamoja na kamati ya majirani, aliomba ghala la mahindi lililoachwa wazi. Sasa hapo pana ghorofa, na ndani ya ghorofa hiyo hakuna anayejua jina la jirani yake. Walipigilia magunia madirishani, wakatundika shuka, wakaanzisha sinema ya bure kila Jumamosi alasiri. Sharti lilikuwa moja, kila mtu aje na kigoda chake. Mwalimu alitumaini kwamba gizani watu wangekaa popote. Walikuja na vigoda vyao, wakavipanga makundi mawili, wenyeji huku na waliotoka Mkoa wa Kati kule, na katikati wakaacha njia ambayo ng'ombe wawili wangepishana. Mungai aliweka chake mlangoni kabisa, peke yake, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Filamu za mwalimu zilitoka nchi za mbali. Mtu anatazama mvua. Mvua inaendelea. Chini kulipita maandishi ya Kiingereza, madogo kama sisimizi, na Zachariah, aliyejifundisha Kiingereza kwa magazeti ya kufungia nyama, alipewa maikrofoni ayasome kwa Kiswahili. Jumamosi ya kwanza aliyasoma kwa uaminifu, na nusu ya watu wakalala. Jumamosi ya pili yule mtu wa mvua alikuwa na wake wawili na kesi ya shamba.

"Mzee Kigen, hayo hayajaandikwa pale," mwalimu alilalamika.

"Walisahau tu, mwalimu."

Kilichomshinda ni sauti za kike. Akijaribu alitoa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta, na pande zote mbili zilimcheka, jambo pekee walilolifanya pamoja. Kila walipocheka alitupa jicho mlangoni. Mungai hakucheka. Na hicho ndicho kilichomleta Zachariah kila Jumamosi, wala si kupenda mvua: alitaka mtu yule mmoja acheke, au amtukane, lolote, mradi aseme naye.

Jumamosi moja ya Julai, kwenye filamu, mzee mwenye kofia alikuwa akibisha mlango. Ndani, mzee mwingine ameketi mezani na mkewe, hafungui. Zachariah aliyatazama maandishi, akayaacha yapite.

"Huyu wa nje," alisema polepole, "wamefanya kazi na huyu wa ndani miaka kumi na minane. Duka lake linawaka. Huyu wa ndani anajua kabisa ni nani anabisha. Amezima taa."

Taa ya kwenye filamu ilikuwa ikiwaka mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyemsahihisha.

"Anasema aliogopa wangemchomea na yeye. Anasema..." Zachariah akakwama. Kwenye shuka, mke alifungua kinywa, na ghala lote likasubiri.

Ndipo kutoka mlangoni ikaja sauti laini ya msichana wa miaka ishirini.

"Usidanganye watu, mume wangu. Mimi nilikuambia ufungue, wewe ukaingia chini ya kitanda, miguu ikabaki nje."

Vichwa vyote viligeuka. Mungai alikuwa ameketi palepale, ndevu nyeupe, uso mkavu.

"Sikuingia chini ya kitanda," Zachariah alisema. "Nilikaa kwa kiti. Nilikaa mpaka asubuhi."

"Na ulinisikia?" Sasa ilikuwa sauti ya Mungai mwenyewe.

"Ulibisha mara nne."

"Tano."

Mama Nyaguthii, mzito wa masikio, akanung'unika kwamba huyo mke hasikiki, asogee karibu na mumewe. Mungai akainua kigoda, akapita katikati ya ile njia ya ng'ombe, akakiweka mahali waya wa maikrofoni ulipofika, pasipo upande wa mtu yeyote.

"Sijakusamehe," alinong'ona, lakini maikrofoni ilikuwa wazi, kila mtu akasikia. "Ila hizo sauti zako za kike ni aibu."

Filamu iliendelea saa nzima, na saa nzima mke alimkaripia mumewe, hata pale ambapo hakuwepo kwenye picha. Walio nyuma walisogeza vigoda ili wasikie vizuri, na ilipofika mwisho hata ndama asingepata pa kupita.

Mwalimu Waithira ndiye peke yake aliyekuwa akisoma maandishi ya chini. Yule mzee wa kofia alikuwa amekuja kusoma mita ya maji. Mwalimu alizima projekta, akanyamaza.