Kifungu Alichokichomeka Nukta

Ofisini walimwita Nukta, kwa sababu hati ikipita mkononi mwake haitoki mpaka kila nukta na mkato vikae mahali pake. Alikuwa wakili wa makamo, mpole, mwenye mke aliyechoka kusahihishiwa hata ujumbe wa simu.

Mwaka ule alipewa kazi kubwa kuliko zote: kuandika katiba ya chombo cha kugawa anwani za intaneti kwa nchi kadhaa jirani. Nyumbani wakimuuliza ni kazi gani hiyo, aliwaambia, "Intaneti haina mpaka, lakini anayeigawa lazima awe na ofisi, na ofisi lazima iwe kwenye nchi ya mtu. Sasa mwenye nyumba akiamka vibaya akafunga mlango, wote tunalala nje." Ndiyo maana wanachama walikubaliana kwamba chombo kitasajiliwa nchini kwa kina Nukta, ila serikali mwenyeji isitie mkono kwenye bodi.

Siku ya kupitisha katiba, wakati wa chai, kaka yake mkubwa alimpigia simu. Kaka huyo alikuwa na cheo wizarani, na ndiye aliyemsomesha Nukta baada ya baba yao kufariki.

"Mdogo wangu, mheshimiwa anataka kifungu kidogo tu. Waziri aweze kuisimamisha bodi panapotokea dharura."

"Kaka, hilo walishalikataa."

"Walilikataa kwa mdomo. Mwenye kalamu ni wewe. Au nikamwambie mdogo wangu amenishinda?"

Nukta alikaa kwenye benchi la korido, kompyuta mapajani, akakichomeka. Katiba ilikuwa ya lugha mbili. Nakala ya lugha ya pili hakuigusa, maana lugha yenyewe hakuijua. Akajipa moyo kwamba hakuna atakayezilinganisha.

Kikao kiliporudi, mjumbe mmoja alizilinganisha. Mwenyekiti, jaji mstaafu asiyependa maneno mengi, akamgeukia mfasiri, mama mtu mzima aliyefanya kazi na Nukta miaka mingi.

"Mama, hapa umeruka kifungu kizima?"

Mama akavaa miwani, akavua, akavaa tena. "Sikumbuki kukiona. Labda ni macho yangu." Kisha akamtazama Nukta. "Mwanangu, kilikuwepo?"

Ukumbi mzima ukamwangalia. Nukta akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa, "Tutaangalia."

Mtu nyuma akasema macho ya bibi yamestaafu kabla ya mwenyewe, watu wakacheka. Kikao kikaahirishwa hadi kesho yake. Mfasiri akashukuriwa kwa adabu, akaambiwa akapumzike.

Nukta alitoka uso umemshuka. Alifika kwake, akaona hawezi kuketi mezani na watoto, akageuza gari kwenda kwa yule mama mfasiri. Binti wa mama ndiye aliyefungua mlango.

"Karibu. Mama anasoma katiba yote upya. Anasema kama ameruka kimoja, huenda ameruka na vingine."

Mama alikuwa dirishani kweli, kidole juu ya mstari, midomo ikitetemeka kwa kusoma. Nukta alihisi ardhi ingepasuka ingemfanyia hisani.

"Mama, hukuruka kitu. Kifungu nilikichomeka mimi."

Mama aliweka karatasi chini. Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

"Basi ukanijibie hukohuko."

Kesho yake Nukta alisimama ukumbini akajibu kwamba kifungu alikichomeka yeye. Mwenyekiti alitaka kujua ametumwa na nani. Nukta hakumtaja mtu, lakini kifungu chenyewe kilimtaja waziri, na kila mtu akaelewa. Kabla ya adhuhuri wanachama walikifuta kifungu, wakahamishia usajili nchi nyingine, na Nukta akaombwa akabidhi mafaili. Mfasiri alirudishwa kazini kwa kuombwa radhi. Kaka hakupokea simu zake mwaka mzima.

Siku hizi Nukta anaandika mikataba ya kupangisha nyumba, katika chumba kimoja juu ya duka la viatu. Mkewe alimuuliza mara moja tu kwa nini hakusema palepale.

"Niliona haya," alijibu.

"Haya ilikuja baadaye, baba watoto. Pale uliogopa."

Nukta aliinuka, akaenda kuwaandalia watoto maji ya kuoga.