Paka wa Pili Huingia kwa Harufu

Mwanangu, hebu weka chini hiyo katoni. Nasikia kuna paka ndani, na nyumbani unaye mwingine, tena una mtoto mchanga. Kabla hujaifungua, kaa hapa.

Naikumbuka siku dada yangu Akai alipoleta paka wa pili. Tulikuwa Kakuma, mimi bado kijana, na mtoto wake mchanga alilala mkekani. Dume letu tulimwita Askari, na kweli alikuwa askari: nge yeyote aliyeingia alimmaliza. Basi jirani yetu Mkongo, akihamia makazi ya Kalobeyei, akatuachia dume lake. Akai akamwachilia katikati ya chumba, hivyo hivyo.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wakararuana, na Askari akaanza kukojolea mlango, kuta, hata mkeka wa mtoto. Akai akaona ni ukorofi. Alimpiga, akafua, akasugua. Kadiri alivyosugua ndivyo Askari alivyozidi. Mwisho akamtia guniani, akampa dereva wa lori amtupe mbali, njia ya Lodwar. Yule mgeni naye alikuwa ameshatoroka kwa woga.

Nge wakarudi. Mmoja alimkuta mtoto mkekani. Tulikimbia naye hospitali, lakini akakata roho mikononi mwa mama yake. 

Nyanya yetu alikuja matangani. Aliposikia habari ya paka, akaniita nje, mbali na Akai.

"Mbuzi akifiwa, ukitaka anyonyeshe yatima, unafanyaje?"

"Namvika yatima ngozi ya aliyekufa, mbuzi anuse kwanza."

"Hilo mnalijua tangu utotoni. Kwa nini paka mkamnyima nafasi ya kunusa kwanza? Kwa mkojo wake aliwaambia hapa ni kwake, mkampiga."

Unaona, mwanangu. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji hakupona.

Sasa sikia. Paka hupaka harufu yake nyumbani kwa shavu na kwa mkojo. Akizidisha, si kiburi, anaogopa kupokonywa kwake. Mgeni mfungie chumba chake. Wabadilishie matambara wanayolalia mpaka kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake, ndipo waonane, kidogo kidogo. Kila mmoja na bakuli lake na pembe yake ya kulala. Na fimbo usiishike kabisa.

Haya, ipeleke katoni chumba cha nyuma, ufunge mlango. Akuj, Mungu wetu, aulinde mkeka wako na huyo anayelala juu yake.