Mzee Asiyepaka Piko

Panga la kwanza lilimkata sikio, la pili likamvunja mkono aliouinua kujikinga. Ripoti ya daktari nimeisoma mara nyingi kuliko hukumu yoyote, na mimi ni mwalimu wa sheria.

Utafiti wangu ulihusu wazee wanaouawa huku bara ya Malindi kwa kusingiziwa uchawi, ilhali kinachotakwa ni shamba. Mvi zikitoka tu, watu huanza kunong'ona, ndiyo maana wazee wengi sasa hupaka nywele piko nyeusi. Mzee mmoja wa upande wa Marafa alikataa. Aliniambia mvi zake amezitolea jasho. Akanionyesha na wosia aliouficha: shamba amempa bintiye, si watoto wa nduguye. Nikamwahidi kuwa jina lake halitaonekana popote. Katika makala nikamwita Shahidi wa Nne.

Makala ilisifiwa. Mkuu wa kitivo akataka tusikike zaidi, na redio moja ya Malindi ikanialika kipindi cha asubuhi. Napenda kipaza sauti, sikatai. Darasani wananipigia miayo. Redioni simwoni anayepiga. Mtangazaji alipotaka mfano, nikasema yuko mzee upande wa Marafa, hapaki piko, na shamba lake kamwandikia binti. Jina nikalificha, kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu. Nikarudi ofisini nikijiona simba.

Kesho yake saa nne asubuhi watoto wa nduguye walimkuta zizini anafungulia mbuzi. Habari ya wosia walikuwa wameisikia kwangu. Walimcharanga huku wakimuuliza karatasi iko wapi. Bintiye akatoka jikoni mbio, akajitupa juu ya baba yake, nao hawakusita. Walimkata mgongo, kisha shingo.

Nilikuwa njiani kwenda hospitali mtangazaji yule yule aliponipigia, anataka maoni ya mtaalamu. Simu niliibamiza chini, nikaipondaponda kwa kisigino mpaka watu wakageuka kunitazama. Nilijichukia, na ningempata mtu wa kupigana naye siku ile ningepigana.

Mzee nilimkuta amenyolewa kichwa kizima apate kushonwa. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jina langu hukulitaja, mwanangu."

"Sikulitaja, baba."

"Bora ungelitaja. Jina lile pale kwetu twaitwa watu watano. Mwenye mvi nimebaki peke yangu."

Nilitaka aniapize, anitemee mate. Hakufanya hivyo. Alinishika kiganja kwa mkono wake mzima, akaniuliza bintiye amelazwa wadi gani.

Nilikuwa nimetoka kumwona mochari. Na mimi niliyesema redioni saa nzima bila kukwama, nilisimama pale kando ya kitanda chake, neno likakataa kutoka.